Kitambi Kilichopimwa kwa Simu

Philbert alimwona Mzee Nkuba akishuka basi pale Mbeya, kitambi kikitangulia na mwenyewe akifuata, akafurahi mno. Mfugaji huyu wa Usangu alikuwa na ng'ombe wasiohesabika, na Philbert alihitaji dume mmoja tu. Bila dume huyo hakuna ndoa, baba wa mchumba wake Benedicta kule Igowole alikwisha kuapa.

"Shikamoo, Mzee. Magoti yanasumbua?"

"Marahaba. Yananiua, kijana. Hata kuchuchumaa kukamua siwezi."

Hapo Philbert akamweleza habari za Daktari Mkuu wa Iringa, fundi wa kupasua watu wanene na kuwatoa mafuta. Ila hapasui mtu kabla ya kumpima kwa simu, na ada yake ni dume, anayetolewa kabla ya kisu.

Simu yenyewe ilikuwa chumbani kwa Philbert. Waya wake ulipita chini ya kitanda, ukatoboa ukuta, ukaishia kwa jirani yake Anania, mwimba besi wa kwaya. Anania ndiye aliyekuwa Iringa nzima.

"Weka mkonga wa simu tumboni," sauti nzito iliamuru. "Vuta pumzi. Ahaa! Haya ni mafuta ya siku nyingi. Kula mchicha na uji usio na sukari mpaka nikupigie tena." Kisha daktari akapiga chafya.

"Afya, daktari," alisema Mzee Nkuba, akiutazama ukuta.

Halafu akavua viatu. Kwa kuwa simu iko hapa, alisema, ataisubiri hapa hapa. Philbert angesema nini? Mgeni mwenye dume hafukuzwi.

Mzee alikula kuku wa kwanza kwa adabu na wa pili kwa mazoea. Mchele ukaisha, maharage yakafuata, Philbert akawa analalia chai ya rangi. Simu ilipolia, mgonjwa aliripoti huku kashika paja la kuku: "Mchicha tu, daktari. Nimeuchoka." Daktari akamsifu. Philbert alimeza mate na hasira kwa pamoja, maana akimkaripia tu, dume hana. Kumbe kwenye simu uongo huenda na kurudi kwa waya uleule!

Hatimaye daktari akadai ada. Mzee akaagiza dume kutoka Usangu, akamleta mpaka dirishani, mweusi, mwenye nundu, na Philbert akaanza kumwona Benedicta ndani ya shela. Mzee akachukua mkonga, akauweka mdomoni mwa dume, akampiga kofi la shingo. Dume akanguruma. Nyuma ya ukuta kiti kikaanguka, na Iringa ikaanguka nacho.

"Umemsikia, daktari?"

"Ni... nimemsikia."

"Basi umeshampokea. Umenipima bila kunigusa, nami nimekulipa bila wewe kumgusa." Akamgeukia Philbert. "Asante kwa kuku, kijana wangu. Mwambie daktari chafya yake niliisikia kwenye simu, nikaisikia na ukutani."

Akaondoka na dume wake, akihema na kucheka.

Philbert alifika Igowole mikono mitupu, mkanda ukiwa kwenye tundu la mwisho, akijua Benedicta ndiyo basi tena. Lakini Mzee Bartolomeo, baba wa binti, alimkazia macho kiunoni hata akasahau mahari.

"Umepungua hivyo! Nani kakutibu?"

Mazoea yana taabu. "Daktari mmoja wa Iringa, baba. Hupima kwa simu."

Mzee Bartolomeo akakipapasa kitambi chake mwenyewe, akafikiri.

"Dume nimekusamehe. Oa. Ila nitahamia kwako Mbeya, nikae karibu na hiyo simu mpaka nipone."

Benedicta akapiga vigelegele. Philbert akaupapasa mkanda wake kutafuta tundu jingine, na hakulipata.