Kofia ya Moshi ya Sylvesta

Katika mji wa Kasulu hakukuwa na fundi mwenye viganja laini kama Marselino. Alishakuwa fundi wa redio, fundi wa meno ya dhahabu, fundi wa visima na, kwa siku chache za hatari, fundi wa breki. Asubuhi hiyo hakuwa fundi wa chochote. Alisimama jikoni kwenye hoteli ya Sylvesta akichagua samaki, mgebuka wa kukaangiwa, mara tone jekundu likamdondokea kwenye shati jeupe.

Akatazama juu. Juu ya jiko ilining'inia kofia ya moshi, bati zito lenye feni ya kuvuta moshi na machujio ya waya ya kunasa mafuta. Sylvesta aliinunua kwa shirika moja lililofunga virago, enzi hizo inang'aa. Sasa mawese ya samaki wote waliokaangwa chini yake yalikuwa yameganda huko juu, mekundu, yananing'inia kama ndevu za beberu.

Mtu mwingine angedai shati lake lifuliwe. Marselino akawa fundi wa kofia za moshi papo hapo.

"Mzee Sylvesta," akasema kwa sauti ya mleta habari za msiba, "hivi unapata usingizi?"

"Nalala vizuri sana."

"Basi yaishe. Ila haya mafuta yakishika moto, utaamka huna hoteli. Mimi ndiyo kazi yangu. Nimeosha kofia hizi Kigoma, Bujumbura, mpaka Lusaka."

"Bei?"

"Bei ya nini kati yetu? Nachukua masizi tu, kuna kiwanda kinatengenezea rangi ya viatu. Tatizo Kasulu hakuna pipa la kuchemshia. Naishusha, naipeleka Kibondo, keshokutwa inarudi, unanyolea ndevu mbele yake."

Hapa lazima tumtendee haki Sylvesta. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na huko alijifunza mapema kumwangalia mara mbili mtu anayetoa huduma bila kutaja bei. Alijua kabisa kwamba kofia hiyo ikipanda gari, Kasulu hairudi. Akafurahi moyoni. Alikuwa na kofia nyingine mpya stoo, na hii kuukuu alitaka kumpelekea mdogo wake Nadine, aliyekuwa anafungua hoteli Kibondo. Lakini kila fundi alitaka hela ya kuishusha, hela ya kuisafirisha, hela ya kuiosha na hela ya kuitundika. Sylvesta, pesa ikimtoka mfukoni, huumwa kichwa.

"Ego, ndiyo, ichukue," akasema, kisha akashusha sauti. "Ila nakuomba, fundi wangu. Pale Kibondo karibu na stendi kuna mama anaitwa Nadine. Usimwonyeshe! Anaitamani hii kofia vibaya mno. Atakupa hela ya ng'ombe mzima, nawe ni binadamu."

"Nadine," Marselino akarudia, kama anayeonja mchuzi. "Hata mtaa wake sipiti, mzee."

Kilichobaki kilikuwa usafiri. Dadi, mwenye pikapu, alimfahamu Marselino kuliko alivyotaka.

"Weka kitu rehani," akasema.

Marselino alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokipenda kwa dhati: pikipiki yake nyekundu. Ndiyo iliyomtoa katika kila mji baada ya watu kumfahamu. Bila pikipiki hiyo angekuwa mtu anayepatikana. Lakini ng'ombe mzima ni ng'ombe mzima. Wakaipandisha nyuma ya pikapu pamoja na kofia, Dadi akatia ufunguo mfukoni.

"Ukinilipa Kibondo, pikipiki yako. Usiponilipa, narudi nayo."

Hawajafika hata Makere, Sylvesta alishapiga simu.

"Mdogo wangu, inakuja. Usiongee bei mpaka feni izunguke. Mimi niko kwenye basi nyuma yao."

Nadine aliwapokea mlangoni, mikono kifuani, akamwacha Marselino ajisifu ufundi wake hadi Lusaka.

"Mwakeye, hamjambo? Ndiyo hiyo? Nzuri. Ila mimi nanunua bati, sinunui masizi. Ioshe nilione."

"Niioshe? Mimi?"

"Si umesema wewe ni fundi?"

Swali hilo Marselino hakuwahi kulijibu hapana maishani mwake. Akavua shati, akachomoa machujio, akayamwagia maji ya baridi. Mafuta yakamcheka, yakahamia viwikoni.

"Yemwe! Maji ya moto!" Nadine akafoka. "Chemsha, tia magadi na sabuni, yaloweke. Wakati yanalowa, kwangua huku juu. Huko Lusaka ulikuwa unaoshea nini, mate?"

Dadi alikuwa amekaa juu ya pikipiki, anatafuna karanga.

"Pembeni hapo, fundi. Umeruka. Na mota usiilowanishe, ifute kwa kitambaa kikavu."

"Wewe ni dereva!"

"Nami nimeshangaa. Dereva anajua, fundi hajui."

Akakwangua. Akasugua machujio kwa brashi mpaka mwanga ukapita kwenye matundu. Akafuta mapanga ya feni moja moja, akamwaga kikombe cha kukingia mafuta, ambacho kilikuwa kimejaa tangu enzi za shirika. Malengelenge yakamtoka viganjani. Kisha Nadine akamwambia aitundike, kwa sababu kofia ya sakafuni haivuti kitu.

Akaitundika, akaunga waya. Nadine akakaanga migebuka. Feni ikakohoa, ikazunguka, na moshi wote ukanyanyuka ukaingia humo kwa adabu, kama waumini wanaoingia kanisani. Kitu cha ajabu kikampanda Marselino kifuani. Hakuwahi kukisikia kabla, akadhani ni kiungulia.

"Haya mama," akasema, "sasa tuongee ng'ombe."

"Ongea na mwenye kofia."

Sylvesta akatokea mlango wa nyuma. "Hongera, fundi! Mdogo wangu hakukusumbua sana?"

Marselino akatazama pua ya Sylvesta. Akatazama pua ya Nadine. Ilikuwa pua moja.

"Huu ni wizi!" akapiga kelele. "Naita polisi!"

Sylvesta akampa simu yake. "Ita. Waambie umeibiwa nini."

Marselino akaishika simu. Akaipanga sentensi kichwani, akaianza upande huu, akaianza upande ule. Kote iliishia mahabusu.

"Haina salio," akasema.

"Inalo."

"Basi mtandao."

Akairudisha. Dadi alisubiri kwa heshima mpaka hapo, kisha akaifunga vizuri kamba pikipiki nyekundu ndani ya pikapu, pale pale ilipokuwa.

Wakati huohuo aliingia mama mmoja mnene, mpishi mkuu wa shule ya jirani, akafuata harufu ya samaki hadi jikoni. Alipoinua macho akasahau njaa.

"Yee! Kofia inang'aa hivi? Ya kwetu inadondosha mafuta kwenye uji wa watoto, na mtu wa kuiosha sijampata. Nani kafanya kazi hii?"

Sylvesta akanyoosha kidole. Nadine akanyoosha. Dadi akanyoosha cha kwake kupitia dirisha la pikapu. Vyote vikamwelekea Marselino, aliyesimama kifua wazi, mweusi kwa masizi hadi masikioni.

"Si mimi," akasema, kwa mazoea.