Dakika Nne za Mpishi

Jumatatu, 9 Juni

Barua imefika. Ina mhuri wa idara ya kazi na imebandikwa kwa gundi nyingi kupita kiasi. Gundi yote hiyo ya nini? Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kumpelekea Mkurugenzi. Nilisoma neno moja tu: ukaguzi. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Saa tano tukaitwa ukumbini, wafanyakazi wote kumi na wawili wa makao haya ya wazee. Mkurugenzi akasema mkaguzi wa kazi atakuja Alhamisi, ataangalia usalama na atauliza habari za saa za kazi na mishahara. Akatuagiza kwamba tukiulizwa, tuseme sote hutoka saa kumi alasiri. Kisha akamtazama dobi.

Dobi ni mdogo wa mke wangu. Mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, tangu ile dawa kali ya kutoa madoa ilipomwunguza mwezi uliopita. Mkurugenzi akasema kuna mtu ameungua nyumbani kwake na sasa anataka kulibambikia shirika letu lawama. Barua ya kumwachisha kazi mtu huyo iko tayari mezani, inasubiri saini tu. Shemeji aliinamisha kichwa.

Halafu likaja jambo kubwa. Atakayesaidia makao yapite ukaguzi atateuliwa kuwa Ofisa Usalama! Atapewa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, na filimbi yake mwenyewe. Nilisimama wima. Nani mwingine? Mimi ni mtunza stoo, funguo zote ziko kiunoni mwangu.

Mpishi akauliza kama filimbi hiyo inapikwa au inaliwa mbichi. Watu wakacheka. Nimeandika katika daftari: mzaha kikaoni, saa tano na dakika kumi na saba.

Daftari hilo ni la saba. Nilianza la kwanza miaka kumi na moja iliyopita, siku ambayo mpishi alichelewa dakika nne kisha akakana mbele za watu. Tangu hapo naandika kila mtu anapofika na anapoondoka, kwa saa ya ukutani ambayo naisahihisha kila Jumatatu kwa redio. Mkurugenzi hajui. Ni kazi ya hiari.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kuficha.

Mlango wa dharura umezibwa na magodoro ishirini na mawili niliyoyapanga mimi mwenyewe. Nadhifu sana, lakini nimeambiwa wakaguzi hawapendi. Nimeyahamishia kwenye kibaraza cha chumba cha nne na kuyafunika kwa pazia. Yanafanana na ukuta, kama mtu hatayaegemea. Bibi wa chumba cha nne aliyaegemea. Akazama hadi mabegani. Tulimvuta watu wawili. Alisema hajawahi kuegemea ukuta mtamu namna ile, na akauliza kama utabaki.

Mtungi wa kuzimia moto nimeupiga brashi hadi unajionea uso. Mpishi akapita na bakuli lake. Akasema, "Mzee, mtungi umeufunga kwa mnyororo na kufuli. Moto ukiwaka tukuandikie barua?" Nikamjibu kwamba barua hazihitajiki, fomu inatosha, na fomu ziko stoo. Akaondoka anatikisa mabega. Nyuma yangu huniita Kufuli. Nadhani ni kwa heshima.

Nyumbani, shemeji alikuwa amekuja kula kwetu kwa sababu hawezi kushika sufuria. Mke wangu alimkatia nyama vipande vidogo kama mtoto. Kisha akaniuliza, siku alipoungua, mdogo wake alitoka kazini saa ngapi. Nilisema sikumbuki, nimeandika. Akasema basi nenda ukasome. Nikamweleza kwamba daftari ni la nidhamu, si la mambo ya kifamilia. Amenipa ugali mkavu. Sijui kwa nini.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: zoezi la moto. Mkaguzi akiuliza kama tumefanya zoezi, jibu liwepo.

Hatuna king'ora. Tuna kengele moja, ya chakula. Saa nne kamili niliipiga kwa nguvu na kupaza sauti kwamba kuna moto. Wazee wote thelathini na mmoja walitoka vyumbani kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Nilifurahi mno! Ila hawakwenda uani. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza za chakula, wakaketi, wakashika vijiko.

Nilipiga tena. Wakaanza kugonga meza.

Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Aliniuliza kwa sauti ya pole nani atawalisha watu hawa saa nne, yeye au moto. Bibi wa chumba cha nne akasema hata moto kidogo utafaa, mradi uje na chai. Ilibidi wachemshiwe chai. Nimeandika kwamba mpishi alitumia sukari nje ya ratiba.

Jambo moja linanisumbua akili. Mkaguzi huvaa nini? Huja na mizani? Hupima watu au vitu? Nimemwuliza Mkurugenzi. Aliniambia nimwache, anaandika karatasi za mahudhurio. Niliona kwa jicho la pembeni: karatasi za mwaka mzima, na kalamu moja tu.

Alhamisi, 12 Juni

Amekuja! Amefika saa tatu na dakika saba, ilhali aliandika saa tatu.

Ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya kanda na mkoba mkubwa kuliko yeye. Nilimfuata kila mahali kwa umbali wa hatua tatu. Anatoa vitu vya ajabu. Futi ya chuma, akapima upana wa mlango wa dharura. Tochi, akamulika nyuma ya mashine ya kufulia. Uzi mwembamba, akaushika mbele ya tundu la hewa la chumba cha dobi, akautazama muda mrefu. Uzi haukutikisika. Akaandika. Aliandika nini? Nilinyoosha shingo, akageuza daftari upande wa pili bila kunitazama. Mtu wa kazi huyu!

Akaliegemea pazia la chumba cha nne. Bibi alimwonya, lakini alikuwa amekwisha kuzama.

Akaomba kuona glavu. Nilimfungulia stoo kwa fahari. Jozi mia moja na arobaini, hazijaguswa! Akauliza kwa nini hazijaguswa. Nikamweleza utaratibu wangu: anayetaka jozi mpya arudishe kwanza ya zamani. Na kama ya zamani imeoza? Basi arudishe iliyooza. Na kama imeyeyuka kwa dawa? Swali hilo sikuwahi kulifikiria. Ni zuri. Nitalitungia fomu.

Kisha tukaingia ofisini kwa Mkurugenzi: mkaguzi, mpishi kama mwakilishi wa wafanyakazi, shemeji na mkono wake, na mimi mlangoni. Mkurugenzi akatoa karatasi za mahudhurio. Akasema kwa upole kwamba dobi, kama wengine, alitoka saa kumi siku ile, na kilichompata baadaye ni shauri la nyumbani kwake. Mkaguzi akamwuliza shemeji ana ushahidi gani. Shemeji akasema hana ila mkono. Mkurugenzi akaivuta ile barua karibu na kalamu.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Nilisoma kwa mbali, mstari wa mpishi. Amefika saa mbili kamili. Saa mbili kamili. Saa mbili kamili. Mwaka mzima!

Damu ilinipanda. Mtu huyu hajawahi kufika saa mbili kamili tangu nimjue! Na alikuwa ameketi pale, anatabasamu, anapokea sifa ambazo si zake! Miaka kumi na moja ya ukweli inatukanwa mbele yangu! Nikasema kwa sauti kubwa kwamba karatasi hizo ni za uongo mtupu. Mkurugenzi akaniita mara mbili. Sikumjali. Nilikwenda stoo mbio, nikarudi na madaftari yote saba, nikayatua mbele ya mkaguzi na kumfungulia la saba, nikamwonyesha kwa kidole mistari ya mpishi.

Nikamwambia ajionee mwenyewe. Dakika nne! Dakika sita! Dakika nne tena!

Mkaguzi alivaa miwani. Hakuangalia safu ya kufika. Aliangalia safu ya kuondoka. Alifungua ukurasa mmoja, halafu mwingine, halafu akaketi vizuri. Akauliza nani ameandika. Nikasema ni mimi, kwa mkono wangu, kila siku, na saa yangu haikosei. Akageuza hadi tarehe 22 Mei, akasoma kwa sauti:

"Dobi aliomba glavu saa tisa na robo. Hakurudisha za zamani. Hakupewa. Aliondoka saa moja na dakika kumi na mbili usiku, mkono umefungwa taulo. Hakuniaga."

Shemeji alianza kulia, huku anacheka. Mkurugenzi alikuwa wa rangi ya karatasi zake.

Nilimkumbusha mkaguzi kwamba bado hajasema lolote kuhusu dakika nne.

Ijumaa, 13 Juni

Mkaguzi amerudi na mashine ya hesabu. Ameketi jikoni siku nzima na madaftari yangu. Nilipita mara kumi na tisa kumwuliza kama anahitaji maji. Hatimaye nimeona kilichobaki ndani ya mkoba: kandambili na mkate wa siagi. Nilitarajia zaidi.

Alasiri akasoma amri mbele ya wote. Barua ya kumwachisha dobi kazi ni batili. Aliumia kazini, kwa hiyo shirika litalipa matibabu yake yote na mshahara wake mpaka apone. Mtungi wa moto ufunguliwe mnyororo leo. Glavu zitolewe kwa yeyote anayezihitaji, bila fomu. Magodoro yaondoke. Bibi wa chumba cha nne alipinga hilo la mwisho. Na saa zote za ziada, za kila aliyeandikwa katika madaftari, zilipwe.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotendeka. Mpishi huchelewa dakika nne asubuhi, naam. Lakini jioni huondoka saa tatu nzima baada ya muda wake kwisha. Kila siku! Nimemwandikia hivyo mwenyewe, kwa wino mzuri! Hakuna atakayelipwa kumzidi.

Akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita mzee wetu. Akasema kumbe mimi ni mtu mwema, nimewalinda kimyakimya miaka yote hii. Sijapata kutukanwa namna hiyo.

Nikamwuliza mkaguzi kuhusu saa zangu. Alipekua madaftari yote saba. Jina langu halimo. Nikamweleza kwamba mwandishi hajiandiki, si adabu. Akauliza basi huwa natoka saa ngapi. Nikasema baada ya wote, bila shaka, la sivyo ningejuaje wanavyotoka? Alinitazama kwa muda, kama alivyoutazama ule uzi. Akasema shahidi mmoja atatosha ili nami nilipwe.

Mpishi akainua mkono hapo hapo. Akasema yuko tayari kuapa kwamba kila jioni wameniacha pale mlangoni, na saa anazijua.

Nilikataa. Nimeandika mara mia tatu na tisa kwamba mpishi hajui saa. Nikikubali leo kwamba anazijua, madaftari saba yatasimamaje? Mkaguzi alinisihi. Shemeji alinisihi. Nilishikilia msimamo wangu.

Mke wangu amepata habari. Leo hata ugali mkavu haukuwepo. Shemeji alinipitishia sahani yake chini ya meza, kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 16 Juni

Ofisa Usalama ametangazwa. Ni shemeji. Mkono haujapona, hawezi kufua, na kazi ya ofisa ni ya kutembea na kutazama. Mkurugenzi alimvalisha kizibao mwenyewe, akiwa amekunja uso. Rangi ile ingenipendeza zaidi mimi. Amepuliza filimbi mara moja na wazee wote wametoka kwenda uani kwa mstari. Sielewi. Nadhani kwa sababu haina harufu ya chakula.

Mkaguzi aliniachia ujumbe: nianze kuliandika jina langu, leo, mstari wangu mwenyewe. Ni ushauri mzuri. Nimenunua daftari la nane.

Kwanza nilitafuta mahali pa kulitunza. Kule kwenye mlango wa dharura, baada ya magodoro kuondoka, pamekuwa peupe, pana mwanga, na mtu huona jiko na lango kwa pamoja. Nimeipeleka meza yangu hapo. Imeenea barabara, kama mlango ulijengwa kwa ajili yake. Glavu nazo nimeziweka chini ya meza, kwenye sanduku, zisichakae. Kufuli ni dogo tu.

Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza. Una mistari kumi na miwili. Mpishi: amechelewa dakika nne, na ameniamkia kwa furaha, jambo la kutiliwa shaka. Ofisa Usalama: amewahi dakika mbili. Anatafuta nini? Wengine tisa nimewaandika kwa ukamilifu.

Ukabaki mstari mmoja. Nilishika kalamu. Nilifikiri sana.

Nimeandika: Mkaguzi, Alhamisi, amechelewa dakika saba.