Vita vya Mwalimu Hamdu na Mvua ya Saa Kumi

Sogeeni, enyi watu wa Langoni, nanyi mliovuka kutoka Kizingitini, zimeni simu zenu, niwahadithie, kwa idhini ya Aliyeziinua mbingu bila nguzo, tendo ambalo wazee wetu hawakulishuhudia. Na wewe uliyeanza kucheka kabla sijasema kitu, kaa nje ya mlango. Habari hii si ya kuchekwa.

Alikuwako mtu, naye ni Mwalimu Hamdu bin Shekhan, Simba wa Jiografia, Mchoraji wa Ramani Ubaoni, aliyewaonyesha watu wa mtaa huu kwa miaka thelathini na minne mahali inapopita ikweta, hata serikali ikamwambia, ahsante, kapumzike. Akapumzika. Na kupumzika huko kulimuuma, siwafichi, kwani mtu aliyezoea kuulizwa maswali mia kwa siku alikaa barazani miezi minane asiulizwe hata saa ngapi. Ndipo alipopanda juu ya paa lake kama amiri apandaye ngomeni, akasimika mlingoti, akautia vikombe vitatu vya kupimia upepo, na kando yake kipimamvua chenye mdomo mpana mweupe. Na chini ya yote, ndani ya kopo lililozibwa isipenye chumvi ya bahari, akaiweka kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyozidi kipande cha sabuni, inywayo umeme wa jua kwa kijiko cha chai. Kila siku saa kumi, baada ya Alasiri, kompyuta ile ilimletea hesabu zake, naye akaziandika katika kundi la wasapu la mtaa: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo, mvua.

Lakini ulikuwa mwezi wa Shaabani, na kaskazi imekaza. Siku arubaini na moja, penye mvua, Mwalimu aliandika neno moja tu, sufuri, na siku arubaini na moja hakuna aliyemjibu.

Hata Jumapili moja, saa kumi, kompyuta ikatamka: milimita kumi na moja nukta mbili. Mwalimu akaliandika jambo hilo kwa herufi kubwa. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bwana Jeilani muuza vitambaa, ambaye Jumamosi ya wiki hiyo angemuoza binti yake Israa, alikuwa ameyaanika mabusati ya karamu nyuma ya nyumba. Akatoka mbio kuyaokoa, akasimama njiani na busati kichwani, jua likimchoma, na mtaa mzima ukimtazama. Jumatatu, milimita kumi na moja nukta mbili. Jumanne, vilevile. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufutia pua, na kundi lile la wasapu likawa halina kazi ila kumcheka Mwalimu.

Jumanne hiyo Bwana Jeilani akaja barazani, akasimama kama mjumbe wa vita, akasema:

"Mwalimu Hamdu, wewe ndiwe uliyenifunza kusoma ramani, na heshima yako nimeiweka kichwani, hapo hapo nilipoliweka busati. Jumamosi wageni mia tatu watakula katika njia hii, nami sijui kama nilete maturubai kutoka Matondoni au nisilete. Nilidhani nitakuuliza wewe. Sasa naona haya kukuuliza. Ikiwa kesho mtambo wako utanyesha tena juani, uteremshe, Mwalimu wangu, watu wasizidi kukucheka."

Lile neno, nilidhani nitakuuliza, lilimchoma Mwalimu kuliko vicheko vyote. Usiku kucha akazipekua hesabu, na alfajiri akang'amua: mvua ya Mungu leo ni tone na kesho ni gharika, lakini mvua ijayo saa ile ile kwa kipimo kile kile ina mkono wa mtu.

Jumatano, kabla ya Alasiri, shujaa akapanda paani na mahamri mawili, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Jua likampiga mbele, sakafu ikamchoma chini, sisimizi wakamshambulia kwa vikosi na kumnyang'anya hamri la pili, naye hakutikisika. Kisha akasikia nyayo ngazini. Akatokea Bi Mwanamkisi, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na mmoja, na ndoo ya kunyweshea asumini aliyoipanda vyunguni kwa ajili ya vikuba vya maua vya bibi harusi. Akanywesha chungu kimoja kimoja. Alipomaliza, akatoa kikombe cha kahawa, akakijaza maji ya ndooni, akatazama kulia na kushoto, akakimimina polepole katika mdomo wa kipimamvua.

Mwalimu akainuka, sisimizi wakimdondoka ndevuni.

"Mwanamkisi binti Athman! Miaka yote hii nala mkononi mwako, leo nakukuta ukiteremsha mvua isiyotoka mawinguni. Nani amekutuma?"

"Punguza sauti, Bwana, majirani wasikiza," akajibu Bi Mwanamkisi. "Sikutumwa ni mtu. Kila siku washuka ndia hii ya ngazi na uso umekunjamana, sufuri, sufuri, na chakula huli. Nayaona mato yako yatazamavyo chini. Nikasema, mai ni mai, nimpe japo kikombe apate la kuandika."

Mwalimu akataka kukasirika, akashindwa. Akataka kucheka, machozi yakatangulia. Akaketi juu ya ndoo kwa kitambo, mkewe akimpangusa sisimizi kwa ncha ya leso.

Kisha akakihamishia kipimamvua pembe ya mbali ya paa, akaandika kundini: "Mvua ya siku hizi ilimwagwa kwa mkono nyumbani kwangu. Kosa ni langu, niliyekiweka kipimo penye vyungu vya maua. Mvua ya mbinguni: sufuri."

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bwana Jeilani akamshika mkono.

"Mtu aliyekiri kosa lile anaulizika. Nilete maturubai?"

"Usilete," akasema Mwalimu.

Jumamosi adhuhuri, masinia yamepangwa njia nzima, wingu jeusi likazuka upande wa kisiwa cha Manda. Watu mia tatu wakainua vichwa, mikono imeganda juu ya pilau. Bwana Jeilani hakulitazama wingu; alimtazama Mwalimu. Mwalimu akafungua simu, akasoma hesabu za kompyuta ya paani, akaona mgandamizo wa hewa umetulia na unyevu unapungua.

"Kuleni," akasema.

Wingu likapita juu ya vichwa vyao, likaenda zake bara. Halikudondosha hata tone la kulowesha kofia.

Enyi mnaotunza tarehe za visiwa hivi, baada ya enzi za masultani na vita vya Shela, andikeni na Jumamosi hii, siku ambayo mvua ya Langoni ilikuwa sufuri, na mtu mmoja aliijua kabla haijawa. Saa kumi Mwalimu akaiandika kundini kama kawaida. Jibu likaja hapo hapo, kutoka kwa Bwana Jeilani: "Na kesho, Mwalimu?"

Mwalimu akalisoma mara tatu, kisha akamwita mkewe alisome naye.