Rubani Mkuu wa Kirua Vunjo

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Ndege ndogo ya rimoti imekamilika. Yangu! Mtindo wa zamani hasa, wa miaka ya thelathini: mabawa marefu, mwili wa fito nyembamba, juu yake hariri. Hariri yenyewe ni shimizi jekundu la Mektrida. Mke wangu hajajua bado.

Kweli, fito alikata na kugundisha shemeji yangu Filbert, kaka yake Mektrida. Miezi mingi, mpaka akasahau kahawa yake shambani. Lakini kuunganisha vijiti ni kazi ya mikono tu. Wazo ni langu. Filbert anapiga kinanda kanisani. Vidole anavyo, kichwa hana.

Injini na rimoti nilivipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Mafuta nachanganya mwenyewe, spiriti na mafuta ya nyonyo. Nyumba inanuka kama zahanati.

Jumapili ni sikukuu ya mavuno ya parokia. Padri amekubali ndege iruke uwanja wa shule, waumini wote wakitazama. Tangu nipunguzwe kazini mjini, kijiji hiki kinaniita "yule aliyerudi." Jumapili wataniita Rubani.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa! Padri amealika na mwingine. Mwanamke! Anaitwa Mwanaasha, anauza vitambaa Moshi mjini. Eti marehemu baba yake alimfundisha kuunda ndege. Leo alikuja kukagua uwanja, ndege yake nyuma ya pikapu kama mbuzi wa mnadani. Mabawa marefu, mtindo ule ule wa zamani. Mwigaji!

Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Mzee! Nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Akauliza kama ndege yangu nimeshaijaribu. Nikamjibu kuwa ndege iliyoundwa vizuri haijaribiwi. Akamtazama Filbert. Filbert akatazama viatu vyake. Msaliti.

Kisha akairusha yake. Ikapanda taratibu, ikageuka juu ya migomba, ikarudi, ikatua kwenye nyasi kama kuku anayekalia mayai. Filbert akapiga makofi. Nikamkanyaga mguu.

Hata hivyo nimeona kitu. Antena ya rimoti yake ina utepe wa buluu. Yangu pia. Maana yake mawimbi yetu ni mamoja: rimoti mbili za utepe mmoja zikiwashwa pamoja, ndege iliyo angani inachanganyikiwa kabisa, haijui imsikilize nani. Mwanaasha mwenyewe ndiye aliyetueleza, kwa kututahadharisha. Watu wengine wanajichimbia shimo na kukuachia jembe!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wanapumzika, mimi nafanya kazi. Ya kichwa.

Mwanaasha atakuja kesho mchana kufanya mazoezi. Nami nitakuwa ndani ya shamba la kahawa, pembeni ya uwanja, na rimoti yangu. Ndege yake ikishakuwa juu, nawasha. Basi! Jumapili anabaki rubani mmoja.

Filbert ameomba tuijaribu yetu kesho, kabla ya kuaibika mbele ya watu. Nikamwambia nampelekea fundi rimoti huko Himo, betri zina hitilafu. Akaniamini. Mtu akikuamini kirahisi hivyo, kosa ni lake.

Mektrida amenishauri nivae miwani nikitoka. Miwani ni ya vikongwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Siandiki kwa raha.

Nilijificha vizuri. Siafu walinipata vizuri zaidi. Nikasikia injini. Ndege ikapanda, jua likiwa nyuma yake. Nikaona kivuli cheusi chenye mabawa marefu. Ilikuwa inaruka vizuri mno, kwa madaha, na hilo ndilo lililonikera. Nikavuta antena. Nikawasha.

Ikatetemeka. Ikalala ubavu. Ikaja chini kichwa mbele, ikatua juu ya bati la banda la ng'ombe la shule kwa mshindo ambao sitausahau. Nikaruka kwa furaha, nikatoka mbio kwenda kutoa pole.

Filbert alikuwa amepiga magoti kwenye samadi. Mapajani ameshika bawa jekundu. Letu.

Mwanaasha alikuwa amesimama kando yake na rimoti mkononi. Kumbe Filbert, kwa kuwa rimoti yetu iko "Himo", alimwomba airushe yetu kwa rimoti yake, utepe si mmoja? Alitaka ndege iwe sawa kabla sijaigusa Jumapili. Ili nisiaibike! Nani alimtuma?

"Ilikuwa inaruka, shemeji," Filbert akaniambia. Machozi yanamtiririka, mwanaume mzima. "Uliiona? Ilikuwa inaruka kabisa."

Nikasema niliiona. Nikajifuta jicho. Itakuwa vumbi.

Mwanaasha akaitazama antena yangu, bado imesimama. "Mzee Sirili, hiyo umeizima?" Nikasema nimetoka nayo kwa fundi sasa hivi, labda iligusana na tawi njiani. Alinitazama jinsi anavyotazama kitambaa kilichoibiwa rangi na jua.

Mektrida naye akafika. Akaokota kipande cha hariri, akakuta lesi yake. Chakula cha leo nimekula kwa jirani.

Jumapili, 10 Agosti

Sikukuu. Ngoma, ndizi, pombe ya mbege, uwanja umejaa hadi kwenye miti. Mwanaasha hakuirusha mwenyewe ndege yake. Mbele ya Padri alimpa Filbert rimoti, akasema bawa zuri kama lile alilolijenga haliundwi na mtu asiyejua anga. Ujinga gani!

Mwanzoni Filbert aliishika rimoti kama kaa la moto. Kisha vidole vyake vikatulia, kama vile anapiga kinanda, na ndege ikazunguka mnara wa kanisa mpaka akina mama wakaanza vigelegele. Wakambeba juujuu. Wanamwita Rubani.

Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mbuzi uwanjani.

Jumanne, 12 Agosti

Filbert amekuja na gundi na fito mpya. Anataka kuijenga upya ndege yetu, na hajaniuliza lolote kuhusu Himo. Mektrida akamwambia wazi kuwa hakuna fundi wa rimoti Himo. Akajibu, "Najua, dada," akaendelea kupiga msasa.

Nimelitafakari sana hili. Mtu hafanyi kazi ya bure kama hana hatia. Bila shaka bawa lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Nimeamua kumsamehe.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameanzisha chama. Mwenyekiti Filbert, katibu Mwanaasha. Mwanaasha ameleta sheria: kutakuwa na kibanio kimoja cha nguo chenye utepe wa buluu, na haruhusiwi mtu kuwasha rimoti mpaka awe nacho mkononi. Kwa hiyo haziwezi kuwaka mbili pamoja.

Wakahitaji mtunza kibanio. Mwanaasha alipinga jina langu. Filbert akasema, kwa upole wake ule wa kuchosha, kwamba shemeji akipewa dhamana atajisikia mwenzetu. Wakapiga kura. Nimeshinda!

Wapumbavu. Kesho baada ya misa Mwanaasha anarusha ndege mpya. Nitamkabidhi kibanio kwa tabasamu, mbele ya watu wote.

Kisha nitaingia kwenye kahawa na rimoti yangu. Jioni hii nimenunua kibanio cha pili, nikakifunga utepe wa buluu. Sheria ni sheria: nitakuwa nacho mkononi.