Karatasi Arobaini za Mama Nyangate

Jumatatu, 5 Machi 1973

Naandika kwa Kiswahili maana mama mkwe hakisomi. Leo habari kubwa! Kanisa letu hapa Kebirigo linafungua darasa la watoto wadogo. Anatakiwa mwalimu mmoja, na anaruhusiwa kuja na mtoto wake mgongoni! Nyangate wangu ana miezi saba. Kila nikienda kuchuma chai namwacha analia, na kile kilio kinanifuata mpaka chini mtoni. Kazi hii lazima niipate. Nimefika darasa la sita. Sawa, nusu ya la sita.

Shida mbili. Kwanza Persis, dada ya mume wangu, anaitaka pia. Amemaliza la saba na hachoki kulitaja. Pili, anayechagua ni Mzee Abner, mkubwa wa kamati ya kanisa, ndugu ya baba mkwe. Persis ni binti wa nyumba, anaingia kwake anakunywa chai. Mimi ni mke wa mtoto. Ensoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya na wakwe, hainiruhusu hata kusimama karibu naye. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Sasa nitaombaje kazi? Kutoka migombani?

Nimepata akili. Karatasi haina ensoni!

Jumanne, 6 Machi

Kisii mjini, kwa Mohamednoor. Ana taipu, na mashine nyingine ya kuzungusha kwa mkono, inatoa karatasi nyingi zote sawasawa. Nimetunga mistari minne ya kuita watoto, wazazi wote wapate, Mzee Abner naye apate. Nikamsomea Mohamednoor kwa mdomo, yeye anapiga. Akanipa moja ya kuonja.

Nimeifungua nyumbani. Aibu! Mstari mmoja tu. Maneno yamefuatana kama siafu, hakuna pa kupumulia. Mume wangu Ondieki ameisoma akauliza kama ni tangazo la kuogesha ng'ombe.

Jumatano, 7 Machi

Leo sikukosea. Nimeandika kwa mkono wangu, mpaka jina langu Mong'ina, na kila mwisho wa mstari nimemwelekeza Mohamednoor: teremka hapa. Nimempa Nyamoita, jirani anayeuza ndizi mjini. Amerudi jioni na karatasi iliyopigwa:

Watoto wa Kebirigo njooni teremka hapa
Mmenawa uso na miguu teremka hapa
Tuimbe na tuhesabu teremka hapa
Mwalimu wenu ni Mong'ina teremka hapa asante

Nyamoita amecheka mpaka kikapu kikaanguka. Amesema watoto wakifuata karatasi hiyo watafika mtoni. Kisha akanipa salamu za Mohamednoor: mama, mimi napiga ninachokiona. Juu andika MWANZO. Chini, peke yake kwenye mstari wake, andika MWISHO. Kilicho katikati kitatoka kama kilivyo, mistari yake na nafasi zake, hata ukichora nzi. Mpaka nione hilo neno sisimami.

Mtu mgumu.

Alhamisi, 8 Machi

Nimeandika upya, safi. MWANZO nimelipamba kwa herufi kubwa. MWISHO nimeliacha. Mtu mzima anaona mwenyewe kwamba shairi limekwisha! Nusu ya chini ilibaki tupu, na ukurasa ndio huo mmoja kwenye daftari, basi nikaandika hapo mambo yangu ya kukumbuka. Nimeagiza arobaini moja kwa moja. Kuonja kunachelewesha, na kamati inakaa Jumapili.

Ijumaa, 9 Machi

Zimefika! Furushi zuri, limefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, kona zote zimenyooka. Sikulifungua. Nikilifungua sitaweza kulifunga hivi tena.

Tena nimepata akili ya pili. Nimemwambia Persis ni matangazo ya shule ya Sabato, nikamwomba agawe yeye, maana watu wanamheshimu. Akakubali mbio. Anitangaze yeye mwenyewe, bila kujua! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Nyangate naye akacheka, na kajino kake kamoja.

Jumamosi, 10 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika. Baada ya ibada Persis aligawa mlangoni mwa kanisa. Wengi hawasomi, basi Joash, mzee wa kanisa, akasimama kwenye ngazi akawasomea. Ile sauti yake ya kengele! Mistari minne ikapita vizuri. Wanawake wakaitikia. Nikanyoosha shingo.

Hakusimama. Akaendelea:

Sabuni
Dawa ya minyoo
Persis akiimba ng'ombe hawatoi maziwa
Mzee Abner suruali anafunga kwa kamba, tumbo limeshinda vifungo. Apelekewe yule kuku mwekundu atanikubali
Nyangate ameota jino. Mungu nisaidie nisimwache tena akilia

Suruali ya mkwe! Kinywani mwangu! Mbele ya Sabato nzima! Mzee Abner alishika kiuno kwa mikono miwili. Persis akaniuliza kwa sauti ni ng'ombe yupi aliyelalamika, aje wazungumze. Mimi migombani. Nimekaa huko mpaka Nyangate akalowesha mgongo wote.

Jumapili, 11 Machi

Kamati imekaa. Sikwenda, ningekwendaje? Ondieki amerudi amenuna, akanisimulia. Mzee Abner amesema kuvunja ensoni hakuishi kwa maneno, lazima kuku atolewe. Wakamuuliza kuku gani. Akasema yule mwekundu.

Darasa amepewa Persis. Nililia. Ondieki akasema ningoje, hajamaliza. Nyamoita alisimama akauliza uji wa watoto atapika nani. Akasema yule mama wa jino apike, na mtoto wake mgongoni. Wanawake wakapiga vigelegele, Mzee Abner akatazama chini akasema sawa.

Nyangate! Hutalia tena! Nimemrusha juu mara tatu, mama mkwe akanigombeza kwamba nitamtapisha. Akatapika. Hainihusu. Nina furaha.

Jumatatu, 12 Machi

Uji wa kwanza umeungua kidogo. Watoto wamekunywa. Nyangate alilala mgongoni, pua yake shingoni mwangu.

Nimefikiri sana kuhusu Sabato, nimeona kosa lilikuwa wapi. Karatasi zilikuwa chache. Waliosikia nusu wamekwenda kueneza vibaya mpaka soko la Nyamache. Kwa hiyo barua ya kumwomba Mzee Abner msamaha iko tayari, Nyamoita ameondoka nayo asubuhi hii. Nimeagiza nakala sitini. Na ndani nimeeleza vizuri ni suruali gani, ile ya kahawia iliyopasuka nyuma, watu wasije wakadhani ni ya kanisani.