Gari la Mjomba Linalia

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema mpaka saa sita. Alamu mpya iko garini tangu juzi. Nikibonyeza rimoti inatoa mlio mtamu na barabara nzima inageuka kutazama. Nimekuwa mwerevu sana! Katika boksi nililonunua kwa Cyprien, muuza vipuri wa soko kuu, zilikuwamo alamu mbili kwa bei ya moja. Moja nimeifunga kwenye gari langu. Ya pili nimempa jirani Léopold, mwenye depo ya unga, kwa ajili ya jeep yake. Naye ameniruhusu kuegesha chini ya mabati mbele ya depo, mahali penye kivuli kuliko pote mtaani. Nilimwambia ya kwake imetoka Dubai, imeletwa na binamu yangu, mkononi. Boksi nimelificha juu ya kabati.

Hata vile vijiti vya kufungulia milango kwa ndani nimevikata kwa msumeno. Cyprien anasema wezi huvivuta kwa waya. Mwizi gani ataniweza sasa!

Saa sita, kelele. Nilikuwa nyumbani, tonge la lituma, ndizi za kuponda, mkononi, dada yangu Aziza mbele yangu. Tukatoka mbio. Hakuna mtu karibu na gari. Ni Léopold tu upande wa pili, ametoka benki, anafunga jeep yake. Nikazima. Saa nane likalia tena. Jioni tena.

Aziza hakucheka. Jumamosi binti yake Djamila anaolewa, na katika ukoo wetu bibi harusi hubebwa na mjomba. Akasema gari hili likilia mpaka Ijumaa, Djamila atapanda jeep ya Léopold, tena Léopold ameshakubali. Léopold! Mtu wa Butembo, si ndugu, si shemeji, jeep nyeupe pee!

Aziza alipoolewa sikuwa na gari. Alibebwa na gari la kuazima, mimi nikafuata nyuma juu ya toleka, nimekaa pale nyuma ya baiskeli, suti imejaa vumbi, watu wakinionyesha kidole. Miaka ishirini na minne sasa. Bado inaniuma.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja Zacharie, fundi umeme wa magari, mtu mpole anayeuliza maswali mengi mno. Amepima betri: nzima. Amesafisha swichi ndogo za milangoni zinazoiambia alamu kwamba mlango uko wazi: nzima. Ya boneti: nzima. Akaomba karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi.

Boksi! Limeandikwa juu, kwa herufi kubwa, kwamba vimo vipande viwili. Nikasema panya wamelila. Akaniita mjomba, kama vijana wote wa hapa:

"Bon, tonton, bila papier niko nafanya kazi kama kipofu."

Akaniagiza niandike kila saa linapolia na kila kitu kinachotokea wakati huo. Kuandika! Kwa hilo amempata mwenyewe. Hii hapa orodha ya leo:

Saa mbili na dakika kumi, limelia. Léopold amefika, anafungua depo. Saa nne, limelia. Léopold amerudi kutoka Makiso, katikati ya mji. Saa sita na robo, limelia. Léopold anaingia kula. Saa kumi na moja, limelia. Léopold ametoka bandarini.

Nimeisoma mara tatu. Haionyeshi kitu chochote, isipokuwa kwamba Léopold hakosi hata mara moja. Anakuja kunicheka. Sitampa Zacharie orodha hii, atadhani nina wivu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewapata wakosaji: watu wa toleka! Wakisubiri abiria wanaegemea gari langu kana kwamba ni ukuta wa baba yao. Asubuhi nimelipaka mafuta ya mawese ubavuni, huku na huku. Kisha nimejilaza kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, ili nimkamate wa kwanza mwenye makalio mekundu. Funguo na rimoti nimeziacha mezani nyumbani, zisije zikanilia mfukoni.

Saa sita akafika Léopold. Akafunga jeep yake. Papo hapo milango yangu, kwa! ikajifunga yenyewe. Nikaruka, king'ora kikaanza. Nikatafuta vijiti vya mlango. Vijiti viko kwenye pipa la taka. Nikapiga kioo, nikapunga mikono yote miwili. Léopold naye akanipungia, kwa adabu, akaingia kula.

Nimeiva humo ndani saa nzima. Alipotoka na kufungua jeep yake, milango yangu nayo ikafunguka. Ajabu ya Mungu. Siwezi kuieleza.

Alhamisi, 7 Agosti

Furaha! Léopold amekuja mwenyewe kuomba ushauri.

"Papa Idrissa, jeep yangu iko najifungua yenyewe. Mimi niko ndani ya depo, sijagusa kitu!"

Nikakunja uso kama daktari. Nikamwambia alamu za Dubai ndivyo zilivyo, zimezoea nchi kavu, mvua yetu inazichanganya. Dawa ni moja: asiiache rimoti itoke mkononi, na kila akisikia jeep imefunguka abonyeze kufunga, mara mbili, palepale, bila kungoja. Akanishukuru sana. Akaniletea mfuko wa unga begani mwake mwenyewe. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu, maana unga ni mzuri.

Langu limelia mara kumi na moja leo. Haijawahi kutokea. Aziza amepita, amesikia. Akaenda moja kwa moja kupima jeep kwa utepe wa maua.

Ijumaa, 8 Agosti

Limenyamaza! Nimelitibu mwenyewe! Alfajiri nilifungua rimoti, nikatoa betri yake ndogo, nikaianika kwenye ungo pamoja na samaki wa mke wangu, kisha nikairudisha. Tangu hapo kimya. Saa mbili, kimya. Saa sita, kimya. Barabara nzima imetulia. Hata Léopold hayupo, ameshuka mto kwenda Yanonge tangu asubuhi kuangalia mzigo wake, jeep ameiacha imefungwa. Bahati mbaya. Ningependa ashuhudie.

Aziza amekaa mbele ya gari kutoka saa nne hadi saa saba, juu ya kiti, mikono kifuani. Mwishowe akasimama, akasema haya, kaka, utambeba. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Nikalikumbatia gari kwa mikono miwili.

Nilisahau mawese. Nimekwenda kuswali na kanzu yenye rangi mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike yote, hata yanayouma.

Nimembeba! Djamila kiti cha nyuma, maua kwenye boneti, honi kila upande, tumeizunguka Makiso yote na watu wa toleka wakitupigia kengele. Nyuma yangu Léopold na jeep yake, amebeba mashangazi tu. Djamila akaniambia tonton, gari yako iko nateleza kama mutumbwi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tukafika ukumbini. Nikashuka ili nizunguke kumfungulia bibi harusi mlango, taratibu, mbele ya wapiga picha. Nyuma yangu Léopold akashusha mashangazi, akafunga jeep. Kwa! Langu likajifunga. Djamila ndani.

Nikabonyeza kufungua. Likafunguka. Lakini jeep nayo ikalia tii! ikafunguka, na Léopold, mtu msikivu, akakumbuka ushauri wangu: akafunga mara mbili. Langu likafunga mara mbili, king'ora juu. Nikafungua. Akafunga. Nikafungua upesi zaidi. Akafunga upesi zaidi. Wageni mia mbili wamesimama, ngoma imekatika, Djamila anagonga kioo na poda inamtiririka mpaka kidevuni.

Zacharie alikuwa miongoni mwa waalikwa. Alitutazama wawili, mmoja mmoja, kama anayetazama mpira. Kisha akaja, akatunyang'anya rimoti zote mbili. Akabonyeza ya Léopold. Milango yangu ikafunguka, na jeep pia. Djamila akatoka amelowa.

Zacharie akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo ilifika mpaka jikoni:

"Tonton, hizi mbili zilikuwa ndani ya boksi moja, hein?"

Léopold akauliza kama Dubai iko karibu na soko kuu. Aziza akamfuta Djamila poda kwa ncha ya kitenge. Mimi akanipa mgongo. Afadhali angenipiga.

Ili king'ora kinyamaze Zacharie alikata waya ambao, bila karatasi ya maelezo, hakujua kazi yake. Gari likakataa kuwaka. Djamila ameondoka ukumbini ndani ya jeep nyeupe. Nami nimefuata nyuma juu ya toleka, kanzu imejaa vumbi, na mwendesha toleka akinieleza njia nzima habari ya mzee mmoja aliyemfungia bibi harusi garini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari siku mbili. Léopold amenirudishia alamu na kuchukua kivuli chake. Djamila amenisamehe, amecheka mpaka akakaa chini. Aziza bado.

Zacharie amenishauri ninunue alamu moja, peke yake, yenye namba zake, isiyotii rimoti ya mtu mwingine. Ushauri mzuri. Nimekwenda kwa Cyprien asubuhi. Za moja moja zimekwisha, lakini boksi jipya limefika, zuri kuliko lile. Mbili kwa bei ya moja!

Moja nimeshaifunga. Ya pili nimeizungushia karatasi ya zawadi kwa ajili ya Mohamadi, mume wa Djamila. Wamepanga nyumba nyuma ya ukuta wangu na gari lake halina alamu, maskini. Simwombi kitu. Mtoto wao wa kwanza akizaliwa tu, atoke hospitali ndani ya gari langu.

Kuhusu asili ya alamu, nimekoma. Dubai sitaitaja tena. Nitamwambia imetoka Istanbul.