Chanjo Iliyolibana Koti la Mjukuu Wangu

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Mama na Mtoto.

Kuhusu: Koti, meno na mengineyo yaliyompata mjukuu wangu baada ya kuchanjwa

Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,

Pole na kazi, na pole na kelele za watoto. Mimi ni fundi cherehani mwenye duka la mlango wa bluu, lile linalotazamana na geti lenu. Tunaonana kila siku unapopita, ingawa siku hizi salamu yangu imekuwa ya kichwa tu, na barua hii itakueleza sababu. Mjukuu wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bosi kwa kuwa hakuna anayethubutu kumnyima kitu, anatakiwa aje kwenu Ijumaa hii kuchomwa sindano ya pili ya surua. Nimekataa. Mama yake, yaani mkwe wangu, amesema atakuja naye nipende nisipende. Mwanangu ni dereva wa malori na yuko mbali. Alipiga simu akasema yeye hayumo. Kwa hiyo jambo limebaki kati yangu na wewe, na nimeona niliandike kwa utaratibu na kwa namba, mtu asije akasema mzee amekurupuka.

1. Sindano yenyewe. Nimeshika sindano tangu sijaota ndevu, na katika hilo sina wa kunifundisha. Kila kitambaa kina sindano yake: jinzi ina yake, hariri ina yake. Nilipomsindikiza Bosi mara ile ya kwanza, nilimwona muuguzi wako mdogo, yule mwenye miwani, akiwachoma watoto wote kwa sindano za ukubwa mmoja, mnene na mwembamba. Nikavumilia. Lakini nilipoona sindano haina uzi, uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza kwa adabu kabisa anashona nini. Akacheka. Mheshimiwa, mimi mteja akiniuliza swali simcheki. Nikamuuliza tena kama dawa ilijaribiwa kwanza kwenye kipande, maana mimi siingizi mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya kujaribu pembeni. Akanijibu kwamba ilijaribiwa miaka mingi, kwa watu wengi mno, na mpaka leo bado inafuatiliwa. Jibu hilo sikulipenda, kwa sababu lilikuwa zuri na mimi nilikuwa sijajiandaa.

2. Koti. Hapa ndipo penye kidonda. Nilimshonea Bosi koti la harusi ya shangazi yake, yaani binti yangu wa mwisho. Koti la kijivu, bitana ya bluu, vifungo vitatu, na mfuko wa kifuani wa kweli, si ule wa kudanganyia macho. Nilimpima mwenyewe akiwa amelala, maana akiwa macho hapimiki. Harusi ikaahirishwa kwa sababu bwana harusi alihamishwa kikazi, na katikati hapo ninyi mkamchanja. Juzi nimemvisha. Vifungo havifiki, mikono imeishia karibu na viwiko, na alipoinama kuokota kidonge cha uzi mshono wa mgongoni ukaachia. Vipimo vyangu havikosei. Wateja wangu wote watakwambia, ukiacha wawili ambao ni waongo. Sasa kama vipimo ni sahihi na koti ni sahihi, kilichobadilika ni mtoto, na kilichoingia ndani ya mtoto ni chanjo yenu.

Sikutaka kuropoka, nikafanya utafiti. Niliwauliza kina mama wote wanaoniletea nguo za watoto nizipanue. Kila mtoto aliyechanjwa, nguo zimembana. Kila mmoja, Mheshimiwa! Dukani kwangu yuko mtoto mmoja tu ambaye hajachanjwa hata tone, na nguo zinamkaa vilevile mwaka nenda mwaka rudi: yule wa plastiki aliyesimama dirishani. Hajawahi hata kukohoa. Nawaachia wataalamu.

3. Tabia. Kabla ya sindano ile Bosi alikuwa mtoto wa kuigwa. Ukimweka hapa, unamkuta hapa. Haukupita muda mrefu akaanza kutembea, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwenye droo ya vifungo. Yakafuata meno, ambayo aliyajaribu kwenye tepu yangu ya kupimia mpaka leo sentimita za mwanzo hazisomeki, ninakisia tu. Yakafuata maneno. La kwanza lilikuwa "sitaki", la pili "changu". Sisi tulitahadharishwa kuhusu homa kidogo na mkono kuuma, basi. Homa ilikuja ikaondoka, na mkono uliuma ukapoa, hayo sina neno nayo. Lakini hakuna mtu aliyetuambia kuhusu "sitaki".

4. Kutofanya kazi. Mlimchanja surua. Nimengoja tangu siku hiyo, na Bosi hajaugua surua. Sasa nitajuaje kwamba ilifanya kazi? Mteja akichukua suruali kwangu anaivaa, anageuka mbele ya kioo, anaridhika. Mimi mmenipa kitu ambacho hakionekani, na kikifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Mtaani kwetu hakuna kinachotokea kwa miaka sasa. Mke wangu akanikumbusha habari za kaka yake, ambaye jicho lake la kushoto lilizimwa na surua akiwa mdogo, zamani zile sindano haijafika kwao. Nikamwambia hayo ni mambo ya surua, na sisi tunajadili chanjo, tusichanganye mada. Alinitazama, akaondoka na kikombe changu cha chai kabla sijamaliza.

5. Rimoti. Jirani yangu fundi redio, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa kwa jinsi anavyojua mambo bila kuyasoma, ndiye aliyenifumbua macho. Kila asubuhi tunakaa nje ya duka langu, yeye, mimi na mama muuza mkaa, na Profesa anatuchezea sauti alizotumiwa kwenye simu. Mojawapo, ya mtu asiyejitaja jina lakini mwenye sauti nzito ya kuaminika, ilisema mtoto aliyechanjwa anaweza kuamrishwa kutoka mbali. Nilijaribu. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikamwamuru Bosi aweke chini miwani yangu. Aliniangalia vizuri, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikarudia kwa sauti, nikanyoosha na mkono. Akaitumbukiza na kofia. Kwa hiyo ama Profesa anapotoshwa, jambo ambalo haliwezekani, ama dawa ya Bosi ilipunguzwa, ama rimoti mnayo ninyi. Kama mnayo, naomba mtugawie. Sisi ndio tunaokaa naye.

6. Nyumba yangu. Tangu niseme Bosi haendi, amani imetoweka. Mke wangu anapika kimyakimya, na anavyokatakata vitunguu siku hizi sipendi kukaa karibu. Mkwe wangu amenitamkia sentensi moja tu: "Baba, koti unaweza kushona jingine." Hakupandisha sauti, wala hakunipa nafasi ya kujibu. Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu wakati huo, na ndiyo maana barua hii imechelewa.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima sindano ya Ijumaa isogezwe mpaka harusi ipite. Ikishindikana, apewe nusu, na nusu hiyo ielekezwe miguuni, maana suruali niliiwekea pindo la kutosha. Ikishindikana hiyo nayo, basi mnipe karatasi yenye mhuri inayosema kwamba koti limebana kwa sababu za kitabibu na si kwa sababu za fundi, niionyeshe siku ya harusi kwa yeyote atakayetazama. Kusema kweli hiyo ya mwisho peke yake inanitosha.

Nisalimie muuguzi mwenye miwani, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie mlinzi wa getini, suruali yake iko tayari, aache kujificha. Wasalimie kina mama wa usafi, na watoto wote walioko kwenye foleni, waliobanwa na nguo na ambao bado.

Ni mimi ninayelalamika kwa nia njema,
Fundi wa Mlango wa Bluu

Nyongeza: Haya nayaandikia kwenye benchi lenu, na Ijumaa bado haijafika. Asubuhi hii mama muuza mkaa alipita mbele ya duka akikimbia, mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na vipele mwili mzima na macho mekundu yaliyoshindwa kufunguka. Hajachanjwa. Mama yake alikuwa akikaa nasi pale nje akisikiliza, na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali. Niliogopa, Mheshimiwa. Niliacha duka wazi na kitambaa cha mtu chini ya sindano, nikambeba Bosi mwenyewe, mkwe wangu akinifukuza nyuma na kadi na kiatu kimoja. Tumefika tumekuta foleni, na wa kwanza kwenye foleni ni Profesa, amempakata kitinda mimba wake, anasoma gazeti lililopinduka juu chini. Kadi ya mtoto wake nimeiona. Haina sindano hata moja iliyorukwa. Tumesalimiana kama watu waliokutana stendi.

Mtoto wa muuza mkaa mmemlaza chumba cha peke yake, na muuguzi mwenye miwani anasema amewahishwa, atapona. Mama yake ameketi mlangoni. Nilikwenda kumpa pole, nikashindwa kumtazama usoni. Bosi amekubaliwa kuchomwa leo leo, na ameshachomwa. Barua nakuachia kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri, ila usiijibu. Na ukisikia wauguzi wako wakisema kuna mtu alilia sana leo mpaka akapewa peremende mbili, si Bosi.